Komeo la Bafuni

Nyumbani,
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe, wifi yangu na watoto, na kwamba kifua chako hakikusumbui tena na baridi ya huko. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio sina la kuusifia. Najua hujazoea nianze hivi, lakini nimechoka kukuandikia kila mara kwamba huku wote wazima.

Uliuliza kama Baba anaweza kukungoja mpaka likizo yako ya mwisho wa mwaka. Nitakujibu, ila niache nianze na zawadi yako.

Kile kimashine cha kuzungusha ulichotuma, chenye visahani vya kukatia vidogo kama vifungo vya koti, tulikicheka sana kilipofika. Shangazi aliuliza kama ni cha kusugulia meno. Cheche, yule jirani yetu mchomeleaji, akasema watoto wake wanachezea vikubwa kuliko hicho. Sasa hakuna anayecheka.

Jumanne nilikuwa uani naanika nguo. Baba akaingia bafuni, akasukuma komeo, kisha akasahau linafunguliwaje. Mtu aliyetengeneza milango ya nyumba nzima kwa mikono yake. Nikasimama koridoni nikimwelekeza: Baba, lishike, livute kushoto. Akanijibu kwa ukali kwamba yeye hafundishwi useremala na mwanamke asiyemjua. Halafu nikasikia kishindo, na kitu kizito kikauegemea mlango kwa ndani.

Cheche alikuja mbio na nyundo, nikamzuia. Kuuvunja ule mlango ilikuwa ni kumvunja Baba mwenyewe.

Ikabaki kung'oa bawaba, ambazo kwa bahati ziko upande wa koridoni. Bahati gani. Unamjua baba yako na wezi. Kila skrubu aliyoifunga humu ndani aliisaga kichwa kwa tupa mpaka ule mfereji wa bisibisi ukafutika, ili mwizi asipate pa kushika. Alikuwa akijisifu kwa wageni kwamba wa kuifungua milango yake bado hajazaliwa. Basi siku hiyo mwizi nilikuwa mimi, binti yake wa kuzaa.

Grinda ya Cheche, mashine yake kubwa ya kukatia chuma, haikuingia, maana bawaba zimebanwa kati ya ukuta na bomba la maji. Ndipo nikakimbilia kimashine chako. Unachora mfereji mpya juu ya kila kichwa cha skrubu, taratibu, bila kukandamiza, kwa sababu visahani vile ukivilazimisha vinakatika kama biskuti. Vilikatika vingi. Sikuwa naona vizuri kwa machozi na unga wa chuma. Mimi nakata, Cheche ananifuata na bisibisi, Shangazi kapiga magoti anaomba dua. Huko ndani Baba alikuwa akimwita marehemu mama yetu. Kisha akanyamaza. Ukimya ule simwombei hata adui yangu.

Tulimtoa akiwa hai. Nyonga imepata ufa, na daktari amesema kwa umri wake hawezi kumpasua. Alale tu, nasi tumgeuze ubavu huu na huu. Tangu hapo hajanitaja jina.

Shangazi ameamuru makomeo yote ya ndani yatolewe. Simlaumu, aliyetafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Jana nikaanza na la chumbani kwa Baba, yeye kitandani ananitazama. Alinitazama kwa yale macho aliyokuwa akiwatazamia mafundi wake karakanani. Kisha akasema, kwa upole ambao maisha yangu yote sikuwahi kuupata kwake:

"Fundi, mkono wako mzuri. Hukandamizi."

Nikamshukuru.

Akaniuliza kama nitapitia njia ya karakana. Nikasema naam, nitapitia.

"Basi ukimwona kijana wangu, mwambie aje anifungulie. Wamenifungia humu. Dada yake yumo humu humu ndani, lakini namwita haitiki."

Mlango ulikuwa wazi, na komeo nimelishika mkononi. Niliitika, mdogo wangu. Niliitika mara nyingi. Akanitazama tu kwa heshima, kama mtu anayemtazama fundi wa watu.

Swali lako la likizo nimeshalijibu. Mimi ameshanisahau, na sina hasira naye, ingawa inaniuma kuliko ninavyoweza kuandika. Wewe bado anakungoja. Usisubiri mwisho wa mwaka, wala usihangaike kutafuta zawadi. Njoo mikono mitupu.

Shangazi anakusalimu sana, wewe na wifi, naye anasema mpunguze kazi mle vizuri. Cheche anakusalimu, anauliza kama visahani vile vinauzwa peke yake. Wabusu watoto mashavuni kwa niaba yangu. Salamu za Baba ni hizo nilizokuandikia, sina nyingine.

Mungu akulinde njiani, akufikishe mapema.

Anayekupenda, na aliyekaa kukungoja,
Dada yako