Rupia ya Mayai Viza

Kibokoni, Mombasa
Jumatatu

Mdogo wangu mpenzi Swabaha,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na kwamba goti la Baba limetulia na Mama analala vyema. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila chakula hakishuki. Usianze kushangilia, si mimba. Nakuandikia kwa mkono kwa kuwa simu yangu siku hizi huishika Ishaq, na haya sitaki shemeji yako ayasome kabla yako. Anayekuletea ni Mbodze, fundi cherehani wetu wa nyumba ya chini, anakwenda kwao Malindi matangani. Mpe chai, mwanamke wa watu amenibebea uchafu.

Waikumbuka mahari yangu. Nani asiyeikumbuka, na Baba alivyoitangaza! Wenzangu walitajiwa dhahabu na vitanda, mimi nikatajiwa rupia moja ya mwaka 1888, yenye jina la Mombasa na picha ya mizani, ya ile Kampuni ya Waingereza kabla hata reli haijajengwa. Baba, na ule ugonjwa wake wa sarafu kuukuu, aliitazama kwa lenzi, akaipima uzito, akauona ule mkwaruzo mdogo kwenye sahani ya kushoto ya mizani, akasema huo ndio ushahidi kwamba imepita mikononi mwa watu. Akaapa ipo siku itanunua nyumba. Siku ya kupambwa ikapitishwa kwa wanawake wote ukumbini, kila mmoja akaibusu. Mama aliipaka machoni kwa baraka. Wewe uliitia mdomoni ukacheka, tukakugombeza.

Basi, tangu mwezi uliopita roshani yetu ya nyuma ikawa inanuka. Si harufu, ni uvundo, ule unaokaa kooni hata ukinywa maji. Nikadhani paka amefia kwenye mfereji. Nikamwaga dawa, nikafukiza udi wa harusi niliokuwa nimeuweka akiba, na kwa huo udi kukazidi kuwa kubaya. Jirani wa ng'ambo akafunga madirisha, akapitisha maneno mtaani kwamba mke wa Ishaq haogi. Mimi, Swabaha! Nilipomuuliza Ishaq kuhusu ndoo iliyofunikwa gunia, aliniambia ni chambo cha rafiki yake, niiache kama ilivyo.

Juzi nikachoka. Nikajifunga leso puani, nikaiburura ndoo hadi msalani, nikaimwaga. Astaghafirullah! Mayai viza, matumbo ya samaki na mkojo, tena mkojo wa nani sijui na sitaki kujua. Na katikati ya uchafu ule vikalia vyuma. Nikavigeuza kwa mpini wa ufagio. Rupia, Swabaha! Rupia tele, nyeusi nyeusi, kila moja ina mizani, na kila moja ina mkwaruzo ule ule, kwenye sahani ile ile ya kushoto. Nikaenda kabatini, nikaitoa yangu kwenye hariri, nikailaza kando ya zile. Zilikuwa sawasawa. Nikatapika mpaka nyongo.

Ishaq aliporudi kutoka dukani nilimmwagia zote mezani, mbele ya samaki wake wa kupaka. Hakushtuka. Aliendelea kula akilamba vidole, huku akinieleza kama anayemfunza mtoto alifu, kwamba yuko sonara anayezimimina kwenye kalibu, zote kutokana na moja ya kweli aliyoazima zamani, na ndoo ndiyo huzizeesha, kwa kuwa sarafu inayong'aa haina mnunuzi. Wazungu wa meli huambiwa zimefukuliwa nyumba ikikarabatiwa. Yule bwana wa Kizingo anayekusanya sarafu anazo tatu, na huwaonyesha wageni wake. Nikamuuliza, na mahari yangu? Akasema Baba aliipima kwa mkono wake mwenyewe akaridhika, na thamani ya kitu ni ile mtu aliyoikubali, kwa hivyo yeye hadaiwi na mtu. Ptuu! Mimi nimeolewa kwa mayai viza, na bwana mzima anachokonoa mwiba menoni.

Sasa kama umesimama, keti. Katika ndoo ile mlikuwa na rupia moja iliyofungwa peke yake kwenye kitambaa, kwa uzi mwekundu. Nikamuuliza ya nani. Akanijibu bila haya kwamba ni ya ndugu yake Khubaib, na nisithubutu kuitia sabuni, kwani haijaiva sawasawa na inatakiwa Ijumaa.

Ijumaa hii, mdogo wangu. Ni mahari yako. Na usijidanganye kwamba Khubaib hajui. Ndiye anayeleta mayai. Baba naye nasikia keshawaambia Malindi nzima kwamba binti zake wataolewa kwa rupia pacha. Pacha kweli, hata mkwaruzo ni mmoja!

Mimi nimemwambia Ishaq mahari ni haki yangu mbele ya Mungu, na mpaka anipe ya kweli, kitanda ni chake peke yake. Nalala kwa Mbodze, na kesho nakwenda kwa kadhi. Mimi nimeshaingia na itanibidi nivutane. Wewe hujaingia, hujafungishwa, hakuna aliyekushika mkono.

Ndani ya mkebe wa kahawa atakaokupa Mbodze imo ile yenye uzi mwekundu. Sikuikosha, kusudi. Mpelekee Baba kabla ya Ijumaa. Najua atakimbilia lenzi yake, kisha mizani. Mwambie anuse kwanza.

Nisalimie shangazi na wote waliokuwa ukumbini siku ile, uwaombe radhi kwa midomo yao. Nisalimie Mama sana, umbusu mikono, na umwambie anawe macho.

Wasalaam,
Dadako akupendaye,
Nasiha binti Jamaldin