Akiwa Juu Haitwi Jina

Ng'ambo, Alkhamisi, mwezi wa Shaaban, 1955

Mvua ya rasharasha tangu alfajiri, ile inayokurowesha bila ya kukupa sababu ya kurudi ndani. Nshaswali magharibi, nimekaa ukumbini, chakula kimepoa mbele yangu. Sina hamu nacho. Hasira nnazo, tele, lakini sina wa kumkasirikia, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Shemeji yangu Hamadi, mume wa dada yangu Mwanaisha, yuko hospitali tangu Jumatatu. Ameanguka mtini. Mimi ndiye niliyekuwa chini nimeshika kamba.

Haya, nshaliandika.

Kazi yetu ni kukata miti mikubwa iliyobanana na nyumba za watu. Mti uliozungukwa na mapaa huwezi kuuangusha tu, utaua. Unaukata kipande kipande kutoka juu, na kila kipande unakiteremsha kwa kamba polepole, kama unavyomlaza mtoto aliyekwisha kusinzia. Watu wanadhani ni kazi ya mtu yeyote mwenye shoka na asiyeogopa. Wallahi, wanaoogopa ndio wanaofaa.

Fundi wangu, Mungu amrehemu, alinifundisha adabu za kazi hii kwa bakora. Shoka halipandi na mtu. Linavutwa kwa kamba baada ya mtu kujifunga. Kamba ni ya usumba wa nazi, iliyosokotwa na wanawake wa Jambiani, na kila asubuhi inakaguliwa kwa vidole, kwa sababu macho yanadanganyika. Njia inafungwa kwa kuti bichi lililolazwa chini, anayekuja ajue kuna mtu juu, asipite. Na mtu akiwa juu haitwi jina.

Hilo la mwisho aliniambia ndilo kubwa. Sisi hapa tumelelewa hivyo: mkubwa akikuita, uitike na umgeukie. Hakuna anayefikiri, mwili wenyewe unageuka. Kwa hiyo mtu wa chini husema "Wa juu!" basi, na aliye juu hafungui mdomo. Anagonga gogo mara moja kwa bapa la panga, maana yake nimesikia. Hana haja ya kumtazama mtu.

Hamadi nilimsomesha hayo masika nzima kabla mguu wake haujaacha ardhi. Alikuwa akinuna. "Shemeji, mimi nimekuja kukata miti au kufunga mafundo?" Nikamwambia, funga mafundo, mdomo ufunge pia. Siku aliyohitimu akaniletea kilemba, desturi ya mtu kumshukuru fundi wake, na mamake akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka kuuliza nani anaolewa.

Mamake ni Bi Tatu. Mjane, na Hamadi ndiye mwanawe wa pekee. Ana sauti ya kuitia watu ng'ambo ya pili ya mji, na sifa anayompa mwanawe ni moja tu, ile ile, kila baraza anayokaa: "Mwanangu mimi, hata awe wapi, nikimwita huitika."

Na kweli huitika. Nilikwisha kumcheka kwa hilo mara ngapi.

Jumatatu tulikuwa tunaukata msufi nyuma ya nyumba ya mwuza mkaa mmoja. Tawi lake kubwa limelalia paa. Gome lilikuwa limerowa, nikasema tungoje likauke. Mwenye nyumba akanambia wanawe wanalala chini ya tawi lile, na upepo wa usiku uliopita ulilitikisa mpaka akawatoa watoto nje uwanjani. Ningemjibu nini? Hamadi mwenyewe akasema, "Mimi napanda." Akapanda.

Alilikata tawi lile nusu, vizuri kabisa. Kisha ikabidi ahame. Akafungua kamba kiunoni ili aipitishe kwenye panda nyingine na ajifunge upya. Ni pumzi chache tu hizo, mtu yuko kwa Mungu na kwa vidole vyake.

Ndipo nikamwona Bi Tatu anakuja.

Siku zote chakula hutuletea Mwanaisha. Siku ile alikuwa na homa, akaja mama mtu, kikapu kichwani, muhogo na papa. Kuti nililolaza njiani aliliona, akalivuka. Kuti ni la kuwazuia wapitaji, yeye si mpitaji, yeye mama.

Mimi nilimwona. Nilipata nafasi ya kusema neno moja, na neno lenyewe lilikuwa "Nyamaza!" Lakini yule ni mkubwa wangu, mama mkwe wa dada yangu. Nani anamwambia Bi Tatu nyamaza, tena mbele za watu? Kinywa changu kilifunguka chenyewe kikasema:

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, mwanangu," akasema, akatua kikapu, akainua uso. "Hamadi! We Hamadi! Shuka ule!"

"Naam, mama!"

Akageuka.

Mguu uliteleza kwenye gome. Nilivuta kamba kwa nguvu zangu zote, ikaja tupu mikononi mwangu, maana hapakuwa na mtu ndani yake. Akaangukia bati la jiko, kisha chini. Sauti ya lile bati bado nnayo masikioni hata sasa, mvua ikipiga naisikia.

Bi Tatu hajui. Kwake yeye, alifika, akamwita mwanawe ashuke ale, mwanawe akamwitika kwa heshima, kisha balaa likatokea. Hajayaunganisha. Tulipokuwa tunamkimbiza hospitali kwenye gari la hamali, yeye akitembea pembeni kashika mkono wa mwanawe, alikuwa akinambia: "Bora nilifika, Makame. Bora alisikia sauti yangu kwanza." Niliuma mdomo mpaka nikaonja damu.

Na mtaa, loo, mtaa una maneno! Wengine wanasema msufi ule una wenyewe, Makame hakufukiza ubani. Nilifukiza! Wengine wanasema kamba ilikuwa mbovu. Jana dada yangu alinijia hapa hapa ukumbini, homa haijamtoka vyema, hakukaa.

"Kaka, wewe ndiye uliyeshika kamba. Uliiachia?"

"Sikuiachia."

"Basi alianguka vipi?"

Nikamwambia kudra ya Mungu. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mchuuzi anayempunja, akaondoka bila ya kuniaga. Dada yangu wa tumbo moja, niliyembeba mgongoni.

Ningesema maneno mawili tu, ningejiosha. Lakini maneno hayo yataingia wapi? Yataingia kwa mwanamke ambaye kitu pekee anachojivunia duniani ni kwamba mwanawe humwitika. Nitamnyang'anya na hicho? Na nikianza kusema, nitasema yote, na shikamoo yangu niiweke wapi? Yeye hakuijua sheria ya kazi. Mimi naijua tangu ndevu hazijaniota.

Asubuhi ya leo miguu ilinipeleka kwenye ule msufi. Tawi bado linaning'inia, limekatwa nusu. Mwuza mkaa keshaleta mtu mwengine, bwana mmoja mwenye kifua kipana, kaja na shoka lake kalichomeka kiunoni. Hana kamba wala mtu wa chini. Nikamwambia, "Bwana, gome limerowa, usipande hivyo." Akacheka. "Mzee, wako si yuko hospitali na makamba yake yote?"

Jibu ninalo, lakini silo la kumpa yeye.

Nikafanya nini? Nikatafuta kuti, nikalilaza njiani. Nikasimama kando yake kwenye mvua kama mlinzi wa kaburi, kila anayekuja namzungusha kwa mkono, kimya. Yule bwana alikata huku akiimba. Watu wakimwita jina kutoka uwanjani, wakimtania, naye akiwajibu mmoja mmoja. Tawi likaanguka, likabomoa pembe ya paa tu. Akashuka mzima, meno nje, wakampigia makofi. Mwuza mkaa akanitazama, nadhani kwa huruma.

Ingekuwa wepesi kwangu kama angeanguka. Astaghfirullah, sikumtakia. Lakini nimeliwaza, na siwezi kujifanya sikuliwaza.

Mchana nikenda hospitali. Hamadi tangu Jumatatu hajafungua macho wala mdomo. Daktari anasema kichwa kitatulia, anayo matumaini, ila mgongo umeumia. Amemchoma sindano nyayoni mbele yangu, mguu haukustuka. Mtu ambaye alikuwa akishika mti kwa vidole vya miguu! Nikamwuliza daktari tufanye nini. Akasema tungoje.

Kila siku nikifika nafanya jambo moja, na naona haya kuliandika. Namwinamia sikioni, wengine wasinisikie, namwambia, "Wa juu." Kisha nautazama mkono wake uliolala karibu na chuma cha kitanda. Nangoja agonge. Kidole kimoja tu, mara moja, nijue amesikia. Leo pia nilifanya. Nilingoja mpaka jicho likaniuma.

Hakugonga.

Bi Tatu alikuwa amekaa upande wa pili, tasbihi mkononi. Amekonda kwa siku chache hizi, kanga imemzidi. Nesi alikwisha kumkanya asipaze sauti, kuna wagonjwa wengine, na yeye masikini amekuwa akitii, akinong'ona tu na Mola wake. Lakini leo, sijui nini kilimpata. Pengine aliona nilivyokuwa nangoja. Aliiweka tasbihi juu ya shuka, akashika ukingo wa kitanda, akainuka.

Nilijua anachotaka kufanya. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe kumzuia. Leo ndipo unanyanyuka, mahali hapa, ambapo hapakuwa tena na pa kuangukia.

"Hamadi! We Hamadi!"

Chumba kizima kiligeuka. Nesi akatokea mlangoni. Na pale kitandani midomo iliyokauka ikatengana, ikatoka sauti ndogo, ya mbali, kama ya mtu aliyeamshwa daku:

"Naam, mama."

Alisema hivyo tu, kisha akarudi kulala. Daktari alikuja mbio, akamfunua macho, akasema hii ni dalili njema, alhamdulillahi, tena akamwambia Bi Tatu kesho amwite tena, na kesho kutwa, amwite kila mara, sauti yake inamfaa.

Bi Tatu akanigeukia. Uso wake wote machozi na furaha, sijapata kumwona mzuri kama vile. Akanishika mkono, mkono ule ule wa kamba.

"Umemsikia, Makame? Si nnakwambieni siku zote? Mwanangu mimi, hata awe wapi, nikimwita huitika."

"Nimemsikia, Bi Tatu," nikasema.

Nikatoka nje nikasimama chini ya paa la ukumbi wa hospitali, mvua inapiga bati, nikalia kama mtoto. Kwa furaha, ndiyo, mzima yule, anaishi. Na kwa lile jengine, kwamba ni wito ule ule uliomwangusha.

Kesho ni Ijumaa. Nitakwenda baada ya sala. Nitamkuta Bi Tatu amekaa pale pale, nitampa shikamoo, naye atanijibu marahaba, kisha atamwita mwanawe.