Kanzu ya Bwana Harusi Wako

Chuno, Mtwara

Mdogo wangu Mwanaidi,

Marahaba, na shikamoo zangu wafikishie baba na mama. Je, kifua cha mama kimetulia? Mimi mwili mzima, ila roho imebanwa.

Kanzu ya mchumba wako imo kwenye kifurushi hiki. Isome barua peke yako kwanza.

Unakumbuka nilivyowaandikia kwamba hapa kibarazani hakuna fundi cherehani anayenifikia? Sikudanganya, ila nilimchagua wa kujipima naye. Kushoto kwangu hukaa Mzee Athumani, macho yameingia ukungu, hata uzi hutungiwa na wapita njia. Kila nikishona namtupia jicho, najiona bingwa. Kulia hukaa Agostino, Mmakonde aliyevuka Ruvuma kukimbia vita. Huyo hukata kanzu bila kushika futi, na hakosei. Sikumtazama hata siku moja. Nilijiambia, Mkristo na kanzu wapi na wapi! Kumbe namwogopa.

Basi baba akanitumia kitambaa, akaitangazia Pangani nzima kuwa bwana harusi atavaa kazi ya mwanawe. Nikakata mabega mafupi. Lo! Kitambaa kama kile hapa hakipatikani. Siku mbili nilikikalia kitini ili kisionekane.

Agostino akaniambia, "Kaka, inuka nione." Nikamfokea. Akangoja nimalize. "Miaka miwili unamtazama mzee tu. Mimi niko huku."

Akaunga mabega kwa mabaki ya kitambaa kilekile, usijue palipoungwa, shingo akaidarizi kwa mkono. Mimi sikushona hata kifungo. Akasema, "Mwambie baba yako ni kazi yako, yaishe."

Yaishe wapi? Nimenasa, Mwanaidi. Nikisema kweli, nitamwaibisha baba mbele ya wakwe zako. Nikinyamaza, ataniita nije nikalie cherehani yake, maana anasema mikono sasa inamtetemeka. Nitawashonea nini watu wa Pangani?

Nisalimie shangazi Bimkubwa, mkali wa ubuyu, na shemeji yangu mtarajiwa.

Baba atapitisha kidole shingoni mwa kanzu, kama afanyavyo siku zote. Ndiye aliyenifundisha, mkono wangu anaujua. Mtazame usoni, uniandikie. Akinuna, nitavumilia. Naomba tu asiutabasamie mshono wa Agostino akasema, "Huyu ndiye mwanangu."

Kaka yako akupendaye,
Salumu