Biriani ya Harusi Tusiyoalikwa

Dada Mwanaidi, shikamoo.

Sisi huku Unguja wazima tele. Unajua shemeji yako anavyoiogopa mvua tangu masika yalipotuvurugia harusi yetu, wewe ukafunika masufuria kwa kanga zako na biriani ikaloa vilevile. Basi safari hii kaipanga haswa: tuje kabla ya masika, kabla ya Ramadhani, tusingoje Sikukuu mji ukafurika. "Tutaukuta umepoa," kaniambia.

Kasahau kwamba huu ni mwisho wa Shaabani, na kila mwenye mwari ndani anamwoza kabla mwezi haujaandama! Leo Mlandege kichochoro kizima kimejaa watu, hakupitiki. Bibi mmoja mlangoni akanimwagia marashi, akanishika mkono. Nikamwambia sisi wapita njia tu.

"Njia gani hiyo inayopita harusini bila ya kula? Ingia, mwanangu!"

Wanawake wakanivuta ndani, shemeji yako akakalishwa mkekani nje na wanaume. Nilipotoka nikamkuta analamba vidole, kanzu inanukia udi.

"Bwana harusi ndiye yupi?" nikamwuliza.

"Wallahi sijui. Hata wenzangu wa sinia hawamjui!"

Tukacheka mpaka machozi. Halafu akatazama juu, mbingu nyeupe, hata wingu hakuna. "Basi hii tuihesabu yetu," akasema.

Nimekubali, Dada. Biriani ilikuwa kavu, ina zabibu tele. Kilichopungua ni wewe tu na kanga zako.

Mdogo wako akupendaye,
Zuhura