Taa Ulizomtumia Baba

Nyumbani, nyuma ya kiwanda cha matofali
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani? Wifi yangu mgongo umepoa? Na watoto, bado wanagombania kiti cha dirishani? Sisi huku tu wazima, isipokuwa baba, na habari zake ndizo zilizonikalisha mezani leo. Usiruke mistari kutafuta msiba: yu hai, anakula vizuri na anabishana na redio kama kawaida.

Mzigo wako ulifika salama. Balbu zote mbili za LED ni nzima, pamoja na ile karatasi ya maelezo uliyoichora mwenyewe, ambayo hakuna aliyeielewa. Wewe tangu utotoni ni bingwa wa kufungua vitu. Kuvirudisha ilikuwa kazi ya wengine.

Unakumbuka nilivyokuandikia mwaka jana kwamba baba analalamika taa za gari zimefifia, kigiza kikiwepo haoni kando ya barabara. Nikakuomba balbu za kisasa. Ukasema utampa mtu wako anayekuja huku, naye akaahirisha safari mara mbili, nasi tukangoja. Baba akaendelea kumpeleka binti yangu shuleni kila alfajiri kwa taa zilezile za zamani.

Jumanne tulikwenda gereji kwa yule fundi umeme tunayemwita Taratibu, maana hana haraka hata paa likiwaka moto. Kufunga balbu hakukumsumbua, ila kifuniko cha mpira kilikataa kuingia kwa sababu ya kifeni cha kupoza kilicho nyuma ya balbu, ikabidi akitoboe. Akasema kazi yenyewe ni kulenga. Taa hizi ni kali, zikiinuka kidogo tu zinawaumiza macho wanaokuja mbele. Akaagiza gari lisogezwe hatua kumi kutoka ukutani, akashusha mlango wa gereji, akamwambia baba awashe taa. Ukuta mzima ukawa mweupe.

Baba hakukubali mtu mwingine ashike usukani. Miaka thelathini na moja ya kuendesha basi la wafanyakazi bila kukwaruza hata kioo si mchezo. Aliwaeleza mafundi wote, waliouliza na wasiouliza. Taratibu akachukua chaki, akamwomba atazame mbele tu kama yuko barabarani, aseme mwanga unapoishia ili yeye aweke alama. Akaanzia katikati ya ukuta, akawa anasogea kushoto. Alipopiga hatua mbili baba akasema, "Hapo. Umetoka kwenye mwanga."

Taratibu akajitazama. Alikuwa anang'aa kuanzia kofia hadi viatu.

"Mzee, mimi bado nimo," akasema.

Wakajaribu kulia, ikawa vilevile. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwa baba na niliona kila kitu, hata vifungo vya shati la fundi. Baba akasema taa ulizotuma ni mbovu. Taratibu akainua mlango wa gereji, akatuelekeza kwa daktari wa macho anayemfahamu.

Tulikwenda kesho yake. Ni presha ya macho. Imemla pembeni kidogo kidogo, amebaki na katikati tu, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Amepewa dawa ya matone ya kulinda kilichobaki. Kilichopotea hakirudi. Baba alipotoka nje nikamuuliza daktari ingekuwaje kama tungemleta mapema. Akasema mwaka mmoja nyuma angeokoa sehemu kubwa.

Mwaka huo, mdogo wangu, tulikuwa tunangoja balbu. Lawama sikutupii wewe. Nilimwona akigonga viti, nilimwona akipapasa kikombe kilicho kando yake, nikajitia hamnazo. Kukuomba wewe taa kulikuwa rahisi kuliko kumwambia baba kwamba macho yake hayafanyi kazi. Na mtoto wangu nilimpandisha mle garini kila asubuhi, nikampungia mkono, nikarudi jikoni.

Sijalia. Nafua, napika, namtia baba matone asubuhi na jioni, na ndani sisikii kitu, kama fizi iliyochomwa sindano ya ganzi. Najua kosa langu, nalitazama, na haliniumi. Hilo ndilo linalonitisha.

Ufunguo wa gari alinikabidhi mwenyewe, bila kuombwa. Alisema tu kwamba klachi yake inataka mguu mwepesi.

Nisalimie wifi na watoto. Shangazi anakusalimu, anasema siku hizi anaisikia sauti yako kwenye sherehe za watu tu, unapowapigia wenzake simu, yeye humpigii.

Baba naye anakusalimu. Aliponiona na karatasi akaja kukaa mbele yangu, akanikataza nisikuandikie ya daktari, kwa kuwa utakaa huko ukihesabu miezi ya kungoja balbu. Akataka niandike maneno haya tu, na hakuondoka mpaka niliposema nimeyaandika: "Mwanangu, taa ulizonitumia ni nzuri sana. Njia naiona yote."

Mungu akushike mkono unaposoma haya.

Wako akupendaye,
Dada yako