Kitambaa Juu ya Namba

Binti yangu Rehema,

Amani ya Bwana ikufikie huko Dodoma ukiwa mzima, na ikukute umekaa, kwa maana haya ninayokuandikia si ya kusomwa umesimama. Mimi mwenyewe nimeshindwa kukaa. Tangu Jumanne natembea kutoka kibarazani hadi langoni hapa Kiseke, narudi, nakunywa maji, natoka tena. Jirani ameniuliza kama nimepoteza kitu. Nimemjibu kwamba bado.

Jumapili hii, baada ya ibada, nimeombwa kwenda mwaloni Kayenze, pale mitumbwi inapotia nanga, kuviweka wakfu vile vifaa ulivyovifanyia kazi kule karakana ya Buhongwa. Kila mtumbwi utapewa kimoja. Mvuvi akizidiwa na dhoruba atabonyeza kitufe chekundu, na kifaa kitawaambia waokoaji mahali alipo. Kaka yako Daudi naye atapewa chake. Walionijia walisema wamenichagua mimi, mchungaji mstaafu, kwa sababu wavuvi wananiamini. Neno hilo ndilo lililoniondolea utulivu.

Je, unaikumbuka harusi ya binti wa Mzee Kulwa? Hukuwa umeanza shule. Kanisani tulikuwa na kile kibao cha ukutani cha kuning'inizia namba za nyimbo, tarakimu moja moja, kila moja kwenye msumari wake. Mzee Kulwa, baba wa bibi harusi, ndiye aliyekuwa mzee wa zamu, wala hakukubali kumwachia mtu mwingine kazi hiyo siku ile. Ubaoni kulikuwa na wimbo wa 145, naye alitaka kuweka wa 238. Akaitoa moja, akaweka mbili. Kabla mkono wake haujafika kwenye msumari wa pili, mwalimu wa kwaya akatupa jicho, akaona 245, akainua mkono. Kwaya ikaanza kuimba wimbo wa kuzikia.

Bibi harusi alilia. Shangazi zake wakamtania miaka na miaka kwamba aliingia ndoa kwa jeneza. Lakini wewe, wageni walipokuwa wakila, ulinijia na swali ambalo hakuna mtu mzima aliyeliuliza: ni nani aliyeuchagua wimbo ule? Nikatafakari, nikaona kwamba hakuna aliyeuchagua. Kulwa hakuukusudia, mwalimu wa kwaya alisoma sawasawa kile alichokiona, na namba yenyewe haikuwa ya wimbo uliotangulia wala ya wimbo uliofuata.

Ndipo mama yako, Mungu amrehemu, akashona kile kitambaa cheupe chenye upindo wa buluu. Nikaweka sheria: anayetaka kuzigusa namba akifunike kibao kwanza, na anayetaka kuzisoma angoje hadi kitambaa kiondolewe. Sheria ilikuwa njema, ila mpiga kinanda, kwa kuwa alikaa pembeni karibu na ukuta, aliweza kuchungulia nyuma ya kitambaa, na alichungulia. Mara mbili alituanzishia wimbo usiokuwapo. Nilipomwonya alisema kitambaa kile ni cha kwaya. Nikajifunza kwamba kitambaa hakimzuii mtu yeyote isipokuwa yule anayekiheshimu, na kwamba asiyekiheshimu akiwa mmoja tu, ni kana kwamba hakipo.

Halafu ikaja Jumapili ile ya kengele. Unajua kwamba mezani pangu palikuwa na kengele ndogo, na mzee wa zamu akiisikia huacha alilo nalo na kuja mara moja. Kulwa alikuwa amekifunika kibao na kubadilisha tarakimu ya kwanza. Mimi, bila kutazama, nikaipiga. Akaja mbio. Nikamnong'oneza anisomee namba ya wimbo unaofuata. Akageuka, akakiona kitambaa, akakunja mikono yake kwa adabu, akasubiri kiondolewe. Nami nikasubiri. Kanisa zima likasubiri. Kisha sauti yako ikasikika kutoka benchi la akina mama:

"Baba, anajisubiri mwenyewe."

Mama yako alikufinya, lakini hata yeye mabega yalikuwa yakimtikisika. Tangu siku hiyo Kulwa alianza kwa kuninyooshea mkono, nami nikaishika kengele isilie. Ndipo alipofunika, akabadilisha, akafunua, nami nikaiachia. Neno nililokuwa nalo kwake katikati ya kazi halikupotea. Lilingoja kidogo.

Miaka ikapita, ukasoma, ukarudi na kazi ambayo sikuielewa. Ulinielimisha siku ile tulipopanda kivuko kwenda Kamanga, ukiwa umekipakata kifaa chako kama mtu aliyebeba kifaranga. Uliniambia kwamba ndani ya kompyuta, hata iliyo ndogo kama kipande cha sabuni, kuna mfumo endeshi unaozigawa kazi zote, na kwamba kila chombo kilichounganishwa nayo kina programu yake ya kukihudumia, mnayoiita kiendeshi. Kiendeshi cha kifaa chako hupokea namba za mahali kutoka kwenye setilaiti na kuziandika, na programu nyingine huja kuzisoma ili izitume. Nikakuuliza huyo anayesoma anajuaje kwamba yule anayeandika amemaliza. Ukacheka.

Tulikuwa katikati ya maji. Ukanigeuzia kioo cha kifaa, chenye ramani. Kivuko kilionekana kimesimama nchi kavu, mbali nyuma ya vilima vya Sengerema. Punde kikarudi majini kana kwamba hakikuondoka. Ukaniambia, "Nusu ya juu ya namba ni ya zamani, ya chini ni mpya. Ni wimbo wa harusi, Baba." Mlikuwa na jina lenu la kitaalamu, mashindano ya data, lakini kwangu jina hilo halikuongeza kitu. Nilikuwa nimekwisha kuona mtu akitumwa mahali ambapo hakuna aliyewahi kuwapo.

Daudi alipopata habari alicheka, akasema dada yake ametengeneza mashine ya kumfikisha mtu Sengerema bila nauli. Hukucheka. Ulimwambia kwamba akizama, waokoaji watakwenda huko huko.

Ukaweka kufuli, ambalo ndilo kitambaa. Ukapita kila mahali namba zile zinapoguswa, ukahakikisha kwamba hakuna mpiga kinanda. Na kwa kuwa setilaiti nayo huja kwa kengele, ikiikatiza kazi yoyote iliyo mkononi, ukaagiza kwamba kengele ishikwe kwanza ndipo kufuli lifungwe, na kufuli lifunguliwe ndipo kengele iachiwe. Mkuu wa karakana akaona ni mzigo unaopunguza kasi. Akasema majaribio yamepita bila kosa hata moja. Ulimjibu kwamba hata kibao cha kanisa kilining'inia miaka mingi kabla ya harusi ile. Akalitoa agizo lako la kengele, ukalitoa jina lako katika kazi, ukaenda zako Dodoma. Tangu hapo nikikupigia simu na kulitaja jambo hili, unaniuliza kama nimemeza dawa ya shinikizo la damu. Nimemeza, mwanangu. Haitibu hili.

Jumanne nilikwenda Buhongwa. Nilipokewa na Masanja, mwenzako wa zamani, kwa heshima zote, shikamoo ya kuinama na kiti cha karibu na feni. Akanieleza kwamba kufuli lipo. Nikamuuliza kama kengele nayo inapita kwenye kufuli hilo. Akaitazama mikono yake.

"Hapana, Mchungaji. Njia ya kengele tuliiacha wazi. Tulipoifungia, kifaa kiliganda."

"Kilikuwa kikijisubiri," nikasema.

"Ndiyo. Hadithi ile Rehema alitusimulia sote."

Akaendelea kusema kwamba mkuu wake sasa amelainika, na kwamba akionyeshwa namna ya kulirudisha agizo lako bila kukigandisha kifaa, atalirudisha. Wamejaribu. Lakini tangu uondoke wameongeza mambo, njia za kuzifikia namba zile zimekuwa nyingi, na aliyekuwa akizijua zote kwa pamoja ni wewe. Nilimuuliza kama watu wa mwalo wakimtaka aseme haya mbele yao atayasema. Akajibu kwamba atayasema, ila angependa ayaseme ukiwa umesimama kando yake. Jumapili, hata hivyo, haisogezwi. Wageni wamekwisha kualikwa.

Hapo ndipo kutembea kwangu kulipoanza. Nilifundishwa chuoni, na nimewafundisha wengine, kwamba baraka si muhuri. Ni ombi. Haiifanyi kazi ya fundi kuwa kamili. Lakini mvuvi wa Kayenze hatasikia ombi. Atasikia amina yangu, atakitazama kifaa kifuani pake, na siku ile wingu jeusi litakapotokea upande wa Ukerewe, ataendelea kutandaza nyavu pale ambapo jana angegeuza kasia. Atathubutu kwa sababu ya sauti yangu. Na kifaa kile kitasema kweli karibu siku zote. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko kama kingekuwa kinadanganya kila siku, kwa maana mwongo wa kila siku watu humzoea na kumpuuza. Jana Daudi alinipigia akiimba kwa furaha, akisema safari hii hata mkewe ameridhika. Nilimuuliza bei ya dagaa.

Nimekwisha kuamua, Rehema, ijapokuwa kuamua hakujanipa utulivu. Nakala ya barua hii nitampa mwinjilisti wa Kayenze aisome kwa wavuvi Ijumaa, na nyingine nitampelekea mkuu wa karakana kwa mkono wangu, asije akasema nimemsema nyuma ya mgongo wake. Sitaki mtu aaibishwe. Nataka tu asiwepo anayesoma kabla ya mwandishi kumaliza.

Jumapili nitakwenda mwaloni. Nitawaombea watu, mmoja mmoja, kwa majina yao na ya mitumbwi yao. Kisha nitaiendea meza iliyopangwa vile vifaa, nami nitakuwa nimekichukua kile kitambaa cha mama yako. Bado ni cheupe, upindo wake tu umepauka. Nitavifunika vyote, nami sitasema amina juu yake. Wakiniuliza kitakaa hapo hadi lini, nitawaambia kwamba mzee wa zamu ameitwa, na kwamba yuko njiani.

Kengele nimeishika mimi. Njoo ukifunue.

Baba yako