Wa Pili kwenye Daftari

Nyasho, Musoma
Jumatatu jioni

Mama mkwe wangu, shikamoo.

Huku tuko wazima, mvua imetuoteshea mchicha mpaka mlangoni. Mjukuu wako, huyo unayemwita mume wako, ameota jino la nne na ananing'ata bega kila nikimbeba.

Unakikumbuka kile kituo cha kulelea watoto? Nilimwandikisha Januari kwa jina lake la ubatizo, Gody, akawa wa kumi na nne kwenye foleni. Kila Jumatatu nilikuwaga pale kuuliza. Sasa fundi aliyeniajiri amekataa nishone na mtoto mgongoni, kwa hiyo jana nilifungasha nguo zake ili nikuletee mtoto huko Butiama, kama unavyoomba siku zote. Nililia kidogo, tuyaache hayo.

Leo nimeenda kumuaga mwalimu. Nafasi mbili zimepatikana, nikamkuta anaita mtoto wa pili: "Magesa." Hakuna mzazi aliyeitika. Akapiga namba iliyo kwenye daftari, simu ikaita mfukoni mwangu.

Magesa ni jina la marehemu baba mkwe, na ni wewe tu unayemwita mtoto hivyo. Mwalimu akacheka: "Huyu aliandikishwa na bibi yake, wiki ya Krismasi."

Nikakumbuka ulipokuja kwetu Krismasi, siku ile uliaga unaenda kununua sukari, ukarudi mikono mitupu.

Mama, mume wako anaanza kesho. Mfuko wake sijaufungua, maana likizo tunakuja kwako. Sukari nitaibeba mimi.

Mwanao,
Hyasinta